Jicho la Parabole

Upepo sina ugomvi nao. Upepo ulikuja na mvua ya mawe, ukang'oa mabati ya jikoni, ukavunja mpapai, ukailaza parabole yetu, lile dishi la televisheni, chali nyuma ya nyumba, ukaenda zake. Haukutuita jina baya. Haukumuuliza bwana yangu baba yake alitoka wapi. Ugomvi wangu ni na watu waliokuja kuisimamisha.

Tulikaa Musonoi, site, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi pale Kolwezi, katika nyumba ya kampuni yenye ua mrefu nyuma. Bwana yangu alikuwa fundi umeme. Baba yake aliletwa kutoka Kasai zamani za wazungu kuja kuchimba shaba, akazeekea hapo, akazikwa hapo, na huyu mwanawe alikuwa hajaiona Kasai hata kwa likizo. Mimi ni mtu wa kaskazini ya Katanga. Nilipoolewa naye, shangazi zangu walinung'unika kidogo, wakala kuku wa harusi, yakaisha. Watoto wetu walisema Kiswahili, kama watoto wote wa site, na lugha ya babu yao waliijua kwa kusalimia tu.

Parabole ilikuwa ya mzungu mmoja, mkubwa wa bwana yangu kazini. Askari walipopora mji, yule mzungu alifungasha sanduku lake akamwambia, chukua ile kitu, mimi sirudi. Tuliileta kwa mkokoteni, ikapitishwa juu ya ukuta kwa sababu mlangoni haikuenea. Wavu wa aluminiamu juu ya mbavu za chuma, ukiilaza chini inafunika vitanda viwili na bado inabaki. Bwana yangu akamimina sementi, akasimamisha nguzo, akaielekeza magharibi, juu kidogo ya kile kilima cha udongo uliotupwa na mgodi. Mbele ya parabole, juu ya vyuma vitatu vyembamba, kulikaa kidude cha ukubwa wa ngumi mbili kinachokusanya picha na kuiingiza kwenye waya. Yeye alikiita jicho. Bila jicho, alikuwa anasema, hii ni karai la kuogea. Kwa hiyo alilihurumia jicho kuliko alivyojihurumia mwenyewe. Alilivika bidoni la njano la mafuta ya kupikia, akalifunga kwa waya, mvua isiliguse.

Jumapili tuligeuza televisheni ikatazama nje ya dirisha, na barabara nzima ikaja. Walikuja na viti vyao na watoto wao na kelele zao. Mpira wa Ulaya, habari, hata matangazo ya sabuni walitazama midomo wazi. Mimi niliwatengenezea munkoyo, ule uji wetu wa mahindi uliochachuka, wakanywa ndoo hadi ndoo. Jirani wa ukuta wa pamoja ndiye aliyekaa mbele kila mara. Dereva wa malori makubwa ya mgodini, mtu wa kaskazini kama mimi, na kwa ajili hiyo aliniita yaya, dada yake mkubwa, na bwana yangu akamwita shemeji. "Shemeji, ongeza sauti!" "Shemeji, wale ba shati nyeupe ni ba wapi?" Shemeji huku, shemeji kule. Mke wake alijifungulia kitandani mwangu, usiku ambao gari la hospitali lilikataa kuja.

Kampuni wakati huo ilikuwa inakufa, na kila mtu aliona. Zamani walipolipua baruti kwenye shimo, picha ilitetemeka na watu wakacheka. Sasa shimo likakaa kimya. Malori yalisimama kwa kukosa vipuri. Duka la kampuni likabaki na viberiti na chumvi, na mshahara ukawa habari ya kusikia. Mtu mwenye njaa hutafuta wa kumkasirikia, na wakubwa hawakutaka awatazame wao. Basi wakamtafutia mwingine. Katika mikutano walisimama juu ya magari wakasema ni watu wa Kasai waliokula kazi, waliokula nyumba, waliokula nchi. Waliwapa na jina: bilulu. Wadudu. Nilisikia watoto wa shule wakiliimba njiani, watoto niliowapa munkoyo kwa mkono wangu huu.

Kule Likasi watu wa Kasai walikuwa wameshafukuzwa. Habari zilikuja na treni. Mimi nilisema tufunge mizigo mapema tuuze vitanda, twende kabla hatujasukumwa. Bwana yangu akaniangalia kama mtu aliyechomwa na mwiba.

"Twende wapi? Mi nilizaliwa hapa. Kule mi namujua nani?"

"Na hapa unamjua nani?" nikamuuliza.

"Bote," akasema. "Hapa nabajua bote."

Ndipo ikaja ile dhoruba, na parabole ikalala. Mtu mwingine angeitazama akasema, sawa, Mungu amesema tuondoke. Bwana yangu, wapi! Alitoka na spana yake mvua haijakatika vizuri. Aliinamia lile dubwana kama mtu anayemwinamia mgonjwa. Mbavu mbili zimepinda, wavu umechanika upande mmoja, nguzo imeinama, jicho zima ndani ya bidoni lake. Akaingia ndani amelowa, anatabasamu.

Aliniambia mawazo yake, na nataka niyaseme hapa kama alivyoyasema, maana hakuwa mjinga. Alisema watu wakikaa kila mmoja kwake, giza na njaa na redio ya mikutano, wataamini lolote. Lakini wakija Jumapili wakakaa uani petu, bega kwa bega, watakumbuka kwamba sisi ni sisi. Hakuna mtu atakayemfukuza mtu ambaye amecheka naye Jumapili. Picha ikirudi, watu watarudi. Hicho tu ndicho alichotaka duniani, abaki Musonoi, azeekee pale baba yake alipozeekea, na aliamini parabole itamsaidia kukipata. Mimi niliona ni ndoto. Nilimwambia. Tulilala tumegeuziana migongo.

Jumamosi ni siku ya salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mitaro na kufyeka majani. Jumamosi hiyo jirani wetu alikuja na wanaume wa barabara nzima, majembe begani, akasema mitaro ingoje. "Leo salongo ni ya shemeji. Tunasimamisha parabole." Bwana yangu alinitupia jicho la ushindi. Nami, sikatai, moyo wangu ulilegea. Nilikwenda jikoni nikakung'uta unga wote uliobaki niwapikie bukari na sombe, ugali wetu na kisamvu.

Walifanya kazi vizuri. Hata hilo linaniudhi, kwamba walifanya kazi vizuri. Walinyoosha mbavu kwa nyundo, wakashona wavu kwa waya, wakainua wote pamoja kwa wimbo wa wachimbaji, nguzo ikasimama. Kisha ikaja kazi ya kuitafuta picha, na hiyo haitaki nguvu, inataka watu na subira. Televisheni ilikuwa sebuleni mbele, parabole uani nyuma, na nyumba ndefu katikati. Kwa hiyo tulipanga sauti. Mke wa jirani alikaa mbele ya televisheni. Mtu wa pili mlangoni, wa tatu jikoni, wa nne dirishani, na mimi chini ya nguzo, nimeshika spana. Bwana yangu anasukuma kidogo, yule mama anasema anachokiona, na neno linapita mdomo hadi mdomo mpaka nje.

"Muchanga!" maana yake hakuna kitu, chembechembe tu.

"Muchanga!"

"Muchanga!"

"Kivuri!" maana yake kuna kitu kinapita nyuma ya mchanga.

Tatizo, neno likifika nje, yeye ameshapitiliza. Wanaume wakaanza kupiga kelele, sukuma, rudisha, hapana huku. Bwana yangu akawanyamazisha kwa mkono. "Sukuma kidogo, kisha simama. Ngoja sauti ifike. Mukiharakisha, mutaipita." Wakatulia kama kanisani. Akasukuma, akasimama. Tukangoja. Akasukuma, akasimama. Na tazama, kutoka ndani ya nyumba likaja neno, likakua kwa kila mdomo uliolipokea, mpaka linafika kwangu limekuwa ukelele.

"Picha! Picha! Picha!"

Nilikaza bolti kwa mikono yangu. Watu walikumbatiana. Kulikuwa na uwanja wa mpira, majani ya kijani kabisa, na jirani akambeba bwana yangu mgongoni akazunguka naye uani. Walikula bukari yangu yote wakalamba vidole.

Baada ya kula, jirani akaleta kikopo cha rangi nyekundu, ile ya kuandikia namba kwenye malori. "Shemeji, tuweke alama. Hapa kwa nguzo, na hapa kwa mukono yake. Upepo ikirudia, tunajua mahali." Bwana yangu akafurahi. Akamwonyesha kila kitu. Bolti hii ya kupandisha, hii ya kuzungusha, hii usiiguse. Jirani alirudia kila neno kama mwanafunzi mzuri. Mimi nilikuwa nakusanya sahani. Nikaingia sebuleni nikamkuta mke wake, yule aliyezalia kitandani mwangu, anapima dirisha langu kwa mkono, kipimo cha pazia. Kiwiko hadi kidole, kiwiko hadi kidole. Aliponiona akajifanya anafuta vumbi.

Yoo mayo! Nilielewa yote pale pale. Rangi nyekundu, alama, "tunajua mahali". Nani anajua? Tuko wapi sisi siku hiyo upepo unaporudi?

Jioni nilimwambia. Akanisikiliza, akatikisa kichwa. "We unaona mubaya kila fasi. Mutu anapima dirisha, basi ni mwizi?" Aliingia kulala akipiga mluzi. Nilitaka kumpiga na sufuria.

Walikuja siku ya kazi, jua limeshapanda, vijana wenye fimbo na vitambaa kichwani, wengi wao sura ngeni kutoka mjini. Walitoa saa chache. Nyumba zote za watu wa Kasai ziwe tupu, watu waende stesheni, treni itawachukua makwao. Makwao! Bwana yangu alitoka mlangoni akawa anatafuta sura anayoijua. Akaiona. Jirani alikuwa nyuma ya wale vijana, mikono mifukoni, hana fimbo. Bwana yangu akamwita, "Shemeji!" Yule akatazama viatu vyake.

Mmoja wao aliniambia kwa heshima zote, "Mama, we ubakie. We uko mutu wa kwetu."

"Na watoto?"

"Batoto ni ba baba yabo."

Nilimtukana kwa lugha ya mama yangu, matusi ambayo sikujua kama ninayo. Walicheka. Jirani hakucheka. Alisogea karibu na bwana yangu, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayetoa msaada, "Shemeji, parabole ni nzito, hautaiweza. Iache. Mi nitaichunga."

Na bwana yangu akasema aksanti. Aksanti!

Wao walikuwa mbele ya nyumba, wanaangalia tunavyofunga godoro. Mimi nilipita jikoni nikatoka uani na spana. Nikapanda kigoda. Kwa kuwa nilikuwa fundi msaidizi wa hiyo parabole tangu siku ya kwanza, nilijua waya unatoka wapi na bolti ziko ngapi. Nikafungua bidoni, nikatoa jicho, nikalifunga kwenye kitenge, nikalitia ndani ya sufuria kubwa chini ya chumvi na vijiko. Kisha nikaona bidoni linaning'inia jepesi, na mtu mwenye akili angegundua. Chini ya kigoda kulikuwa na gunzi la mahindi lililodonolewa na kuku. Nikalipachika pale jicho lilipokuwa, nikaliunganisha na waya kwa kamba, nikalivika bidoni, nikafunga vizuri kuliko alivyofunga mwenyewe. Alama nyekundu sikuzigusa. Zilikaa nzuri kabisa, zimekutana, mstari kwa mstari.

Stesheni ya Kolwezi sitaieleza sana. Watu walilala kwenye reli, chini ya mabehewa mabovu, kwenye vyumba vya shule jirani, na mvua haikuwahurumia. Treni ilikuwa ya leo, ikawa ya kesho, ikawa ya wiki ijayo. Tulizika watoto wa watu pale. Mtoto wetu mdogo alianza kukohoa siku za kwanza, kikohozi kikavu, na kila akikohoa mimi nilihesabu majina ya watu wa barabara yetu yote moyoni, mmoja mmoja, nikimpa kila mmoja sehemu yake ya lawama.

Bwana yangu alitafuta chumvi ndani ya sufuria akashika kitenge. Akakifungua. Akaliangalia jicho muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa tayari kwa ugomvi, maneno yalishanijaa mdomoni. Akalifunga tena, akalirudisha chini, akaweka kifuniko. Bado alikuwa na tumaini lake. Kila alipokuja mtu kutoka Musonoi, yeye alisimama kutazama, akijipangusa vumbi. "Batatuita," aliniambia. "Hasira ikipoa batatuita. Bale ni bantu yetu."

Na kweli, walikuja kumwita.

Asubuhi moja nilimwona jirani anapita katikati ya watu, anaruka mizigo, anatafuta. Bwana yangu alishamwona kabla yangu. Alisimama. Uso wake, nisingependa kuukumbuka, ulikuwa uso wa bwana harusi. "Nilikwambia," akasema. "Nilikwambia."

Jirani akafika. Alikuwa amenyoa, shati safi. Alisimama pale tulipolala, mdogo wetu karibu na miguu yake anakohoa.

"Shemeji, parabole inakatala."

Bwana yangu hakuelewa. "Inakatala nini?"

"Picha. Tangu mulitoka, hakuna. Muchanga tu. Alama ziko sawa, tuliangalia. Tukasema labda alama zilisogea. Tukafungua bolti, tukazungusha, tukazungusha, sasa hata alama hatujui tena. Na Jumapili kuko mpira. Ukuje kidogo tu, shemeji. Mi nitakupitisha kwa bale bijana, hakuna mutu atakugusa."

Nikamuuliza mimi. "Akitengeneza, atalala kule? Nyumbani kwake?"

"Aa, yaya." Akajikuna shingo. "Yaya, unajua namna iko. Atatengeneza, kisha mi mwenyewe nitamurudisha hapa."

Sufuria ilikuwa katikati yetu. Bwana yangu akainama, akashika kifuniko, nami nikaogopa, maana nilimjua vizuri. Alikuwa hawezi kuona kitu kimeharibika akakiacha. Angelitoa jicho, angekwenda nalo, angepanda nguzo, angewapa picha yao, na angerudi hapa kwenye matope amebeba shukrani. Mkono wake ukakaa juu ya kifuniko. Mdogo akakohoa. Kisha akauondoa mkono, akautia mfukoni, akatoa spana, akampa jirani.

"Ni kazi ya kutafuta tu," akamwambia, sauti yake ileile ya Jumamosi, taratibu, ya kufundisha. "Picha iko kule, haikimbie. Anza chini kabisa, juu ya kilima. Sukuma kidogo, kisha simama. Ngoja sauti ifike. Muchanga, sukuma tena. Ukifika mwisho, pandisha kidogo, rudia. Musiharakishe, mutaipita. Inaweza kushika siku mingi. Musichoke."

"Na ile jicho, tuiguse?"

"Hapana! Jicho usiliguse ata kidogo. Ukifungua ile bidoni, maji itaingia, imekufa."

"Aksanti, shemeji."

"Aksanti."

Akaenda zake anaruka mizigo, spana yetu mkononi. Nilimtazama bwana yangu kama mtu nisiyemjua. Katika miaka yote ya ndoa sikuwahi kumsikia akidanganya, hata kumdanganya kuku.

Nikamsogelea nikamwambia la gunzi. Alinitumbulia macho. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mabega, mpaka watu wa mizigo ya kando yetu wakageuka kutuangalia. Nami nikacheka. Tuliwaona kabisa, barabara nzima imejipanga kutoka sebuleni hadi nguzoni, wanapokezana mchanga, mchanga, mchanga, na wanaume wanaielekezea mbingu gunzi la kuku.

Kisha akaacha kucheka. Akamchukua mdogo akamweka mapajani, akamfunika kwa koti lake, akakaa anaitazama njia aliyoondokea yule mtu.

"Alisimama pale wakati yote," akasema. "Mutoto anakohoa kwa miguu yake. Hakuuliza hata kama batoto bamekula."

Baada ya siku hiyo, mtu akija kutoka Musonoi, bwana yangu hakusimama tena.